Makofi ya Kilo

Ukishuka mwaloni Kibirizi, zinakofika boti za Kigoma, asubuhi ukiwa na Mwalimu Eufrasia, usiwe na haraka. Hatua kumi hazipiti kabla mtu hajampigia kelele. Adolf, fundi wa mashine za boti, mwanamume mzima mwenye ndevu na grisi hadi viwikoni, ataacha kazi, atabana miguu kama yuko mstarini shuleni na kupaza sauti: "Good morning, teacher! I come from Ujiji!" Mbeba magunia ya dagaa atadakia bila kutua mzigo: "My father comes from Ujiji!" Na mama muuza mawese, mbele ya madumu yake, atafunga kazi: "My mother comes from Ujiji!" Watacheka wote, na asiyejua Kiingereza hata neno moja ataelewa kwamba hawa wanatangaza kwao. Mimi natoka Ujiji, baba yangu anatoka Ujiji, mama yangu anatoka Ujiji.

Uongo mtupu. Adolf ni wa Bangwe, na baba yake alishuka kwenye treni akitokea Tabora. Mbeba magunia hakumjua baba yake. Mama wa mawese kwao ni Kalinzi, na hata lafudhi yake inamsuta. Lakini ndivyo walivyofundishwa darasa la tatu, na kwa wengi wao hicho ndicho Kiingereza pekee kilichobaki baada ya kumaliza shule. Kingine chote kilimezwa na ziwa.

Kwa miaka ishirini na tisa salamu hiyo ilimpa Mwalimu Eufrasia raha ambayo mshahara haukuwahi kumpa. Siku hizi akiisikia, hacheki nao. Anaitikia kwa mkono, anainamisha kichwa na kununua samaki, migebuka ya kwanza anayoiona, hata ikiwa ya jana.

Mwalimu huyu si mtu mbaya, tuelewane. Ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, mrefu, mkavu, anayevaa kitenge kilichopigwa pasi hata siku ya kufua. Hachapi ovyo. Chaki anazimaliza hadi zinapotea kati ya vidole. Amefundisha Kiingereza Ujiji kwenye darasa lisilopungua watoto tisini, dawati la wawili likikaliwa na wanne, na mwalimu mwenye watoto tisini hawezi kumfundisha kila mmoja sentensi ya peke yake. Akabuni njia. Kwanza anasema yeye, mkono wa kulia ukiwa juu. Mkono ukishuka, wanasema wao, wote, sauti moja. Na sentensi ni moja kwa wote, iwe baba yako ni Mmanyema, Mha, Mbembe au Msukuma wa kuhamia. Ukimruhusu kila mtoto ataje kwao, utapata mchuzi wa vijiji tisini, na wageni wakija kukagua hawatasikia kitu.

Mtoto akisema vizuri peke yake mbele ya wenzake, mwalimu anaagiza: "Makofi ya kilo!" Darasa zima linapiga matatu ya pamoja, kisha moja zito la mwisho, kama gunia linavyotupwa kwenye mizani. Anayepata makofi ya kilo anarudi nyumbani akitembea kama bwana harusi.

Wingi wa watoto ndio sababu ya sentensi moja aliyowapa watu. Ilikuwapo nyingine, na hiyo hakuwahi kumpa mtu yeyote.

Eufrasia alizaliwa Kagunga, kule kaskazini ambako ufuko unabanwa na mlima na Burundi iko pua na mdomo. Baba yake, mzee Gervasi, alikuwa mvuvi wa hapo hapo. Mama yake, Verediana, aliolewa kutoka Nyanza-Lac, upande wa pili wa mpaka. Kwa watu wa Kagunga hilo halikuwa jambo la kusimulia. Wake na ng'ombe walivuka mpaka tangu zamani. Ila Eufrasia alipopelekwa sekondari mjini Kigoma, siku moja mama yake alikuja kumwona. Akamsalimu mwalimu mkuu kwa adabu ya kwao, amepiga goti, amemshika mkono kwa mikono yote miwili, na Kirundi kinamtoka taratibu: amahoro, amahoro. Wasichana bwenini walicheka wiki nzima. Eufrasia akaitwa Mrundi, na neno hilo kwa jinsi walivyolisema lilikuwa tusi.

Akajifunza kusema, "Mama yangu ni wa Kagunga." Mwanzo aliona haya, kisha akazoea, na mwisho akasahau kwamba ni uongo. Haukuwa na faida yoyote, maana baba alikuwa Mtanzania, vyeti vyake vilikuwa safi na hakuna mtu ambaye angemnyang'anya chochote. Ilikuwa aibu tu.

Verediana alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Wakati wa tanga, pale Ujiji kwa Eufrasia, walifika wanawake watatu kwa boti kutoka Nyanza-Lac, vitenge vimelowa hadi magotini. Aliyetangulia alikuwa mama mdogo Esther, mdogo wake marehemu wa kuzaliwa tumbo moja, ana kikapu cha maharage kichwani chenye mfuniko wa ukindu. Mwalimu Leonardi, ambaye ni mwalimu mkuu wa shule, alikuwa kwenye mkeka wa wafiwa. Akauliza kwa wema tu, "Na hawa mama zetu ni kina nani?"

"Wateja wa marehemu," Eufrasia akajibu. "Walikuwa wananunua mawese kwake."

Esther anajua Kiswahili vizuri. Alitua kikapu jikoni, akaosha sufuria mbili, akamlilia dada yake kwa sauti ya chini, na kesho yake alfajiri akapanda boti. Hajarudi tena. Na kwa watu wale kikapu cha zawadi hakirudishwi kitupu. Unatia kitu ndani, hata viazi vitatu, ukimpelekea mwenyewe ili undugu uendelee. Kikapu cha Esther kiko jikoni kwa Mwalimu Eufrasia mpaka leo, juu ya kabati, na ndani yake hamna kitu.

Basi huyo ndiye mwalimu aliyeletewa Lyse mwaka juzi, mwezi wa Januari.

Lyse alikuwa na miaka kumi, macho makubwa, mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Nyonga yake ilikuwa imeharibika tangu utotoni. Wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka Makamba, Burundi, wakiishi kambini kule Kasulu, na mtoto alikuwa amepewa kibali cha kuja mjini kwa ajili ya kliniki. Akafikia Ujiji kwa shangazi yake, Fébronie, aliyeolewa pale miaka mingi. Kwa kuwa kliniki ilikuwa kila baada ya wiki mbili, shangazi aliomba mtoto akae darasani badala ya kushinda anahesabu nzi. Mwalimu Leonardi akakubali kwa huruma. Madaktari walikuwa wamekwisha kusema kwamba upasuaji wa nyonga ile hauwezekani huku, na kwa sababu ya mguu huo jina la familia nzima lilikuwa limewekwa kwenye orodha ya watu wa kupelekwa Kanada. Walikuwa wanangoja kuitwa kwenye mahojiano.

Wiki ya tatu ya Februari, Mwalimu Leonardi aliwatangazia walimu kwamba wathibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi, watafika siku ya Alhamisi. Jumanne, Eufrasia akawa anawanoa watoto. Mkono juu, mkono chini. Sauti tisini zikatikisa mabati. Kisha akaanza kuwainua mmoja mmoja. "Where do you come from?" Unatoka wapi? Wa kwanza akajibu Ujiji, wa pili Ujiji, wa tatu Ujiji. Akamfikia Lyse.

Lyse akajishika kwenye dawati, akasimama sawasawa. Alikuwa ameielewa sentensi kuliko wenzake wote, kwa maana aliifanyia kazi iliyokusudiwa.

"I come from Makamba," akasema. "My father comes from Makamba."

Darasa likapata mchecheto. Nyuma mtu akanong'ona, "Kumbe Mrundi," na kicheko kikatambaa kutoka dawati hadi dawati. Mwalimu Eufrasia akatazama kilikotokea kicheko. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya bwenini.

Angeweza kuwakemea waliocheka. Hilo ndilo linalomtesa hadi leo, kwamba njia ilikuwa wazi na fupi. Badala yake akamgeukia mtoto.

"Hapana. Hatusemi hivyo. Sema: I come from Ujiji."

Lyse akamtazama. "Mwarimu, mimi natoka Makamba."

"Hapa uko shuleni Ujiji. Sema kama wenzako."

Akamsimamisha mbele, ubaoni, mguu ule mfupi ukitetemeka, akamwinulia mkono na kuushusha. Mara kumi. I come from Ujiji, my father comes from Ujiji, my mother comes from Ujiji. Mara ya kwanza mtoto alisema kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Mara ya kumi ilitoka safi kama redio.

"Good! Makofi ya kilo!"

Darasa likapiga. Mwalimu akafungua mkoba, akatoa kalamu mpya ya wino wa bluu yenye kifuniko, akampa. Lyse akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Na mwalimu akajiambia kwamba amemwokoa mtoto wa watu, kwamba sasa hawatamcheka tena. Binadamu akitaka kujisamehe, hakosi wakili. Alhamisi wathibiti ubora walifika, wakasikiliza, wakasifu. Lyse ndiye aliyeinuliwa kujibu peke yake.

Mwezi wa Mei kibali kikaisha, mtoto akarudi kambini kwa wazazi wake. Mwalimu hakumfikiria sana. Watoto huja na kuondoka.

Agosti, Jumamosi moja, mlango wa Mwalimu Eufrasia ukabishwa hodi. Alikuwa Fébronie, na nyuma yake mwanamume mwembamba mwenye koti lililomzidi, kikapu mkononi.

"Shikamoo mwalimu," Fébronie akasema. "Huyu ni kaka yangu, Barutwanayo. Baba yake Lyse."

Barutwanayo akampa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, akainama. "Shikamoo mwarimu. Lyse anakusalimu sana. Kila siku ni mwarimu, mwarimu. Tumekuletea maharage kidogo, ya shamba la mama yake."

Mwalimu akapokea kikapu. Kilikuwa na mfuniko wa ukindu. Akawakaribisha viti, akawapa maji, na Barutwanayo akaeleza kilichomleta. Walikuwa wameitwa kwenye mahojiano mwezi wa Julai. Yote yalikwenda vizuri. Yeye na mkewe walijibu kwa Kirundi, mkalimani akatafsiri. Mwishoni yule mama mzungu aliyekuwa anawahoji akamtabasamia mtoto, akamwuliza kwa Kiingereza, polepole, ili tu kumchangamsha: anatoka wapi?

"Umwana akasimama, mwarimu! Hata mkalimani hajafungua mdomo. Akajibu Kizungu sentensi tatu. Nikafurahi. Nikasema, angalia mtoto wangu." Barutwanayo akatazama mikono yake. "Yule mama akaacha kucheka. Akaandika. Akaniuliza, mbona mtoto anasema ninyi nyote ni watu wa Ujiji? Nikasema hapana, sisi ni wa Makamba. Akasema, mtoto hana sababu ya kudanganya. Sasa faili limewekwa pembeni. Wanasema labda sisi ni wenyeji wa huku, tumeingia kambini ili tupelekwe Ulaya."



"Lyse anasemaje?" Mwalimu Eufrasia akauliza.

"Anasema alijibu vizuri. Anasema pengine alikosea kutamka." Barutwanayo akajaribu kucheka. "Mwarimu, wewe ndiye mtu pekee tunayemjua anayejua Kizungu sawasawa. Tunakuomba utuandikie barua. Uwaeleze kwamba ni mtoto tu."

Ilimpasa aseme pale pale. Maneno yalikuwa mawili: ni mimi. Hayakutoka. Walikuwa wanamshukuru, unaelewa? Wangemlaumu, angeweza kubishana, kujitetea, hata kulia. Mtu anayekushukuru kwa kosa lako hakuachii pa kushika.

Akaandika barua usiku ule, Kiingereza kizuri, mwandiko wa ubaoni. Alieleza kwamba Lyse ni mtoto mdogo, kwamba lugha ni ngeni kwake, kwamba alichanganya majina ya miji. Mtoto alikosea, ndivyo ilivyosema. Asubuhi akaikunja na kuitia kwenye kikapu cha Barutwanayo pamoja na mchele kilo mbili na chumvi, maana kikapu hakirudi kitupu. Fébronie alipokuja kukichukua, Eufrasia alishindwa kumtazama machoni. Uongo wa kwanza alimtia mtoto kinywani, na huu wa pili alimpa baba yake aubebe kichwani.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita, naye Barutwanayo akalituma kwa Fébronie. Walisema barua ya mwalimu haikueleza mtoto aliyapata wapi maneno yale, tena yakiwa yamepangika namna ile. Mtu anayejua afike mwenyewe, siku fulani, saa nne asubuhi, ofisini Kasulu. La sivyo faili litafungwa.

"Mwalimu," Fébronie akasema akiwa amesimama mlangoni, bila shikamoo safari hii, kwa upole uliochoka. "Lyse alishaniambia tangu Februari. Siku ya kalamu. Nilikuwa najua."

"Ulijua? Na mbona hukumwambia kaka yako?"

"Nilikuwa nakungoja wewe umwambie."

Alipoondoka, Eufrasia akakaa jikoni hadi chai ikapoa na kuota utando. Juu ya kabati kikapu cha mama mdogo Esther kilikuwa kinamtazama. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Yake yalikuwa yamekuja na yamejaa nyumba, yanakaa kwenye kila kiti. Alilia, na hakulia kwa ustaarabu. Alilia akimwita mama yake.

Siku iliyopangwa alifika Kasulu saa mbili na nusu, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Nje ya ofisi kulikuwa na foleni ndefu ya watu kwenye mabenchi. Barutwanayo alikuwapo na mkewe na Lyse, ambaye alipomwona mwalimu wake aliinuka na kuchechemea mbio hadi akamgonga tumboni. Alikuwa amerefuka. Mguu haukurefuka naye.

"Barutwanayo," mwalimu akasema, hapo hapo kabla ujasiri haujamtoroka, "yale maneno nilimfundisha mimi. Alisema Makamba, nikamkataza. Barua niliyowapa ilikuwa ya uongo."

Barutwanayo akamwangalia. Mkewe akauliza jambo kwa Kirundi, akamjibu kwa sauti ya chini, na mama yule akamvuta mtoto upande wake. Hakuna aliyemtukana. Barutwanayo akasema tu, "Nilimgombeza, mwarimu. Siku mbili sikusema naye." Kisha majina yao yakaitwa.

Ndani kulikuwa na meza, yule mama mzungu, mkalimani wa Kirundi, na karani wa kuandika. Karani akainua uso, akapanua macho.

"Teacher! I come from Ujiji!" Alikuwa Winfrida, darasa la tatu la mwaka sijui gani, sasa mama wa watoto wawili mwenye miwani. Akajikumbuka, akaziba mdomo. Mzungu akauliza ni kitu gani hicho, na Winfrida, kwa aibu kidogo, akamkariria sentensi zote tatu, kwa mdundo ule ule, hata mkono ukashuka wenyewe. "Tulifundishwa wote hivi," akaeleza. "Mimi mwenyewe ni wa Kibondo."

Mzungu akamwangalia mwalimu. Akauliza kwa Kiingereza, mkalimani akiwatafsiria wazazi: kama wote walifundishwa hivyo, mtoto huyu alisema nini mara ya kwanza, kabla ya kufundishwa?

"Alisema Makamba. Yeye na baba yake."

"Na kwa nini ulimkataza? Ulijua ni kweli."

Swali hili Mwalimu Eufrasia alijua tangu Ujiji kwamba litakuja, na kujua hakukulifanya rahisi hata kidogo. Alisema watoto walicheka. Akasema wakaguzi walikuwa wanakuja. Yote yalikuwa kweli na yote hayakutosha, na mzungu akaendelea kumtazama huku kalamu imesimama. Winfrida alikuwa anaandika. Binti yule mama yake anauza vitumbua karibu na msikiti wa Ujiji. Kitakachosemwa humu, jioni kitakuwa kimefika kwenye kila mlango.

"Niliona aibu," akasema.

Mzungu akahema. Akasema angependa kumsikia mtoto tena, na mtu yeyote asimsaidie. Akamgeukia Lyse, akauliza polepole kama mara ile: "Where do you come from?"

Lyse akasimama. Hakumtazama aliyemwuliza wala baba yake. Alimtazama Mwalimu Eufrasia, shingo imenyooka, mdomo uko tayari, akingoja mkono uinuke. Ndivyo alivyofundishwa. Anaanza mwalimu, kisha wanafunzi.

Mzungu akarudia swali. Mtoto akabana midomo na kuendelea kungoja. Jasho likaanza kumtoka juu ya pua. Alikwisha kukosea mara moja akijibu peke yake, akachekwa na darasa, na mara moja akijibu kama alivyoambiwa, baba akanuna siku mbili. Hakuwa tayari kukosea mara ya tatu.

Mwalimu hakuruhusiwa kumsaidia. Angesema neno Makamba, kazi yote ingeharibika. Basi akafanya lililobaki. Akainua mkono wa kulia, na sauti yake, iliyozoea watoto tisini, ikatoka ndogo.

"I come from Kagunga," akasema. "My father comes from Kagunga." Akameza mate. "My mother comes from Nyanza-Lac. In Burundi."

Kalamu ya Winfrida ikasimama. Mkalimani akasahau kutafsiri, na Barutwanayo, ambaye hilo la Nyanza-Lac hakuhitaji kutafsiriwa, akainua kichwa.

Mwalimu akashusha mkono.

"I come from Makamba," Lyse akasema, wazi, bila kukwama. "My father comes from Makamba. My mother comes from Rumonge."

Rumonge hiyo hakuna aliyeitarajia. Mzungu akafungua faili, akapekua karatasi za mahojiano ya mama, akaona Rumonge imeandikwa, akaweka kidole. Alikaa akisoma. Kisha akasema kwamba faili litarudi mezani, kwamba hawezi kuahidi kitu, kwamba watajulishwa. Winfrida akaandika, macho kwenye karatasi.

Nje jua lilikuwa limepanda. Barutwanayo akamshukuru mkalimani, akamshukuru askari wa mlangoni, akamshukuru kila mtu. Alipomfikia mwalimu hakushukuru. Alimpa mkono tu, wa kushoto ukiwa kwenye kiwiko, kama siku ya kwanza, na Eufrasia akaona hiyo ni zaidi ya haki yake.

Lyse akamvuta kitenge.

"Mwarimu, nirudishe kalamu?"

"Kalamu gani, mwanangu?"

Mtoto akaingiza mkono mfukoni, akaitoa. Ilikuwa ile ya bluu, na kifuniko chake, haina hata mkwaruzo. Wino ulikuwa umekwisha zamani, mrija uko mweupe kabisa ndani.

"Ulinipa kwa sababu nilijibu vizuri," Lyse akasema. "Na kumbe nilikosa."

Mwalimu Eufrasia alikuwa hajapigia mtu goti tangu aanze sekondari. Akapiga, kwenye udongo mwekundu wa Kasulu, kitenge cha Pasaka na yote, mbele ya foleni nzima ya watu waliokuwa wakingoja kuitwa. Akaipokea kalamu kwa mikono miwili, kama Verediana alivyokuwa akipokea kitu hata kwa mtoto.

"Umbabarire, mwana wanje," akasema. Nisamehe, mwanangu. Alisema kwa Kirundi cha mama yake, kwa sauti, na watu kwenye mabenchi wakageuka kutazama yule bibi anatoka wapi.